Shomoro wa Nyongeza

Ndugu zangu, mtu anayeishi kwa kuuza sokoni ataielewa sura ya 12 ya Luka upesi kuliko mwalimu wa theolojia. Mathayo ameandika kwamba shomoro wawili walikuwa wakiuzwa kwa sarafu moja ndogo. Luka yeye anasema watano kwa sarafu mbili. Pigeni hesabu. Sarafu mbili zinanunua shomoro wanne. Wa tano katoka wapi? Wa tano ni nyongeza. Mteja ametoa sarafu ya pili, muuzaji amefurahi, ametia mkono tunduni akamtoa ndege mmoja asiye na bei na kumtupia juu ya wale wanne, kama unavyotupiwa nyanya moja juu ya fungu ulilokwisha kulilipia. Na ni huyo, huyo wa bure, ambaye Bwana Yesu anasema Mungu hajamsahau.

Tumezoea kuihubiri aya hiyo kwa ajili ya faraja yetu: sisi tuna thamani kuliko shomoro wengi, basi tusiogope. Sawa, ni kweli. Lakini mhubiri anayekomea hapo amewaacha shomoro watano juu ya meza ya muuzaji. Yesu aliwaona pale. Bei yao aliijua, kama mtu aliyewahi kupita sokoni. Alijua yuko aliyewatega na yuko aliyewanunua, na kwamba Mungu anahesabu hata kile ambacho wafanyabiashara hawakihesabu. Leo naomba tusimame mbele ya meza ile tusiondoke haraka.

Kwa maana meza haijaondolewa. Biashara ya ndege hai mpaka sasa inaendeshwa kwa hesabu ya nyongeza. Anayetaka kufikisha kasuku mia moja salama mikononi mwa tajiri wa mbali anajua njiani watakufa wengi; kwa hiyo anaagiza zaidi ya mia moja. Wanaofuatilia biashara ya kasuku wa kijivu, huyu wetu mwenye mkia mwekundu, hukadiria kwamba katika kila kumi wanaotegwa, wanne hadi sita hufa kabla hawajavushwa kwenda kuuzwa. Vifo vyao vimeshatiwa kwenye bei. Ukimkuta mmoja barazani kwa mtu, ameshiba, anapiga mluzi, anaita watoto wa nyumba kwa majina, usimhesabu yeye peke yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na huyu ameundwa kwa maiti za wenzake.

Njooni tufuate njia aliyopitia. Tuanzie Kongo, Maniema na Tshopo, kwa ndugu zetu wa Kindu na Kisangani ambao Kiswahili ni chao kama kilivyo chetu. Ndani ya misitu ile kuna mahali miti inapoachana ukabaki uwazi wenye maji na udongo wa chumvichumvi. Asubuhi kasuku hushuka hapo kwa makundi makubwa, mamia kwa wakati mmoja, kunywa maji na kuudonoa udongo ule. Mtegaji anapajua. Anapanda mti kungali giza, anapaka ulimbo kwenye matawi wanayopenda kutua, kisha anamfunga mguu kasuku mmoja aliyenaswa zamani na kumweka juu, katikati ya matawi yale. Jua linapochomoza, mfungwa huyo analia.

Sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye neno langu. Kasuku wa kijivu ni kiumbe wa jamaa. Analala na wenzake, anaruka na wenzake, dume na jike huishi pamoja miaka mingi, na mwenzake akiita hawezi kujifanya hajasikia. Wanashuka kumwitikia. Mguu unagusa tawi, unanata. Anapiga bawa ili ajinasue, bawa linanata. Anauma tawi, mdomo unajaa ulimbo. Mwingine anakuja kwa sababu ya kilio cha huyu, na mwingine kwa sababu ya kilio cha yule. Jamani, chambo kinachotumika ni kile kile ambacho sisi tunakiimba kwenye kwaya: upendo wa mtu kwa ndugu yake. Mtegaji hakuleta nafaka wala tunda. Ameutumia upendo wa ndege kumwangamiza ndege.

Halafu wanabanduliwa mmoja mmoja, manyoya ya bawa yanakatwa wasiruke, wanasukumwa kikapuni, kikapu kinaingia mtumbwini, mtumbwi unashuka mto. Wengine ni makinda waliotolewa katika mashimo ya miti mirefu, na pale mti usipopandika, unakatwa. Kasuku hutaga mayai machache tu, matatu hivi, wala hazai ovyo. Mti mmoja mkubwa ukianguka, jozi ile imepoteza nyumba ambayo kuota kwake kulichukua umri wa babu na mjukuu.

Mwishoni mwa Desemba 2010, siku zile zile za Krismasi tulipokuwa tunaimba habari za hori na wachungaji, kasuku wa kijivu waliotoka Kongo walipakiwa kwenye ndege ya abiria kutoka Johannesburg kwenda Durban. Ni safari ya saa moja hivi. Zaidi ya 700 walifika wamekufa. Wale kasuku walinusurika ulimbo, walinusurika kikapu, mto na kreti, wakafia kwenye kipande cha mwisho cha njia, chini ya miguu ya watu waliokuwa wakirudi nyumbani kula sikukuu.

Na msidhani hayo ni mambo ya wezi wa usiku peke yao. Kwa miaka mingi ilikuwa halali. Tangu katikati ya miaka ya 1970, kumbukumbu za biashara ya kimataifa zinaonyesha zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1.3 waliotolewa mwituni na kuuzwa nje kwa karatasi safi, zenye mihuri. Waongezeni wa nyongeza, wale waliokufa kabla hawajaandikwa popote. Ghana, ambako zamani makundi yao yalitia giza anga jioni, watafiti walikwenda kuwatafuta na kukuta wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Huku kwetu Kenya wamebaki wachache wa kuhesabika katika msitu wa Kakamega. Oktoba 2016, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilikutana Johannesburg, mji ule ule ambako ndege wa Krismasi walipakiwa, zikakubaliana kwamba biashara ya kimataifa ya kasuku wa mwituni imekwisha.

Imekwisha kwenye karatasi. Kreti bado zinakamatwa. Kwa nini?

Hapa wengi mnategemea nimgeukie mtegaji nimwangushie moto wa mbinguni. Sitafanya hivyo, angalau si kwanza. Yule kijana anayepanda mti gizani hana bima, hana mshahara, na katika bei ya mwisho ya kasuku anaambulia makombo. Dosari anayo, tena ataijibu. Lakini wahenga walisema mtego bila chambo haunasi, na juu ya chambo cha mti kiko chambo kingine kinachomtega mtegaji mwenyewe: noti yako wewe. Wewe uliyeketi sebuleni. Wewe unayesema, "Mimi napenda ndege." Ulimbo uko mikononi mwake, lakini umenunuliwa na wewe, na kasuku alikwisha kuwa wako kabla hajanaswa. Mnunuzi ndiye mtegaji. Nitalirudia mpaka mchoke.

Anayetaka ushahidi, upo. Bara la Ulaya lilikuwa mlaji mkubwa wa ndege wa mwituni. Kutoka Senegal, Mali na Guinea walikwenda kwa mamilioni, wengi wao ndege wadogo waimbaji, chiriku miongoni mwao, ndege ambaye hapa kwetu mtoto wa shule anamjua kwa rangi yake ya manjano na mdomo usionyamaza. Mwaka 2005, kwa hofu ya mafua ya ndege, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa muda. Mwaka 2007 ukaufunga moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa miaka kumi baadaye ulitazama biashara iliyoandikishwa ya dunia nzima ukakuta imeshuka kutoka ndege milioni 1.3 kwa mwaka hadi 130,000 hivi. Tisa katika kila kumi! Hakuna askari aliyepelekwa kwenye kila kichaka cha Afrika Magharibi. Hakuna mahubiri yaliyoongoa kila mtegaji. Mnunuzi mmoja mkubwa aliacha kununua, nyavu zikakosa kazi. Wapo waliohamia masoko mengine na wapo walioingia kwenye magendo, sitawaficha hilo. Lakini nani hapa anamjua mtu wa kawaida aliyewahi kuokoa viumbe milioni moja kwa mwaka kwa kutofanya kitu? Ndicho ninachowaomba. Msifanye kitu. Msinunue.

Na anayetaka kuona tunakoelekea tusipotubu, atazame Indonesia, kisiwa cha Java. Watu wa huko wanapenda ndege kuliko sisi, na mapenzi hayo ni ya heshima na ya kale. Kila mtaa una matundu yaliyotundikwa juu kwenye milingoti, na siku za mapumziko watu hukusanyika kwenye mashindano ya uimbaji. Waamuzi husimama chini ya matundu wakiandika alama, na ndege bingwa hubadilishwa kwa pikipiki au gari. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kati ya ndege milioni 66 na milioni 84 wako tunduni kwenye kisiwa hicho kimoja. Je, misitu? Misitu ya Java imenyamaza. Kuna shore mmoja mwenye kichwa cha rangi ya majani makavu, ndugu wa shore hawa wanaotoboa mapapai yetu, aliyesifiwa kwa sauti kuliko karibu ndege wote wa eneo lile. Kwa sababu ya sifa hiyo hayupo tena porini Java. Jirani, kisiwani Bali, kwezi wao mweupe mwenye rangi ya samawati kuzunguka macho alishuka mpaka mwaka 2001 wakabaki kama sita tu mwituni. Walipendwa mpaka wakaisha. Hao watu hawakuwachukia ndege hata siku moja, ndugu zangu. Chuki isingeweza kufanya kazi kwa ukamilifu namna ile.

Sasa turudi nyumbani, maana mhubiri anayekemea dhambi za Java na kunyamaza za hapa ni mwoga.

Yuko kasuku mdogo wa kaskazini mwa Tanzania, wa nyanda za Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria: mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho. Amepewa jina la Fischer, Mjerumani aliyepita huku karne ya 19, ingawa Wasukuma walikuwa wakimfukuza mashambani mwao karne nyingi kabla ya Mjerumani huyo. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa mwituni waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Tulimsafirisha kwa kreti juu ya kreti mpaka nchi ikalazimika kusimamisha. Leo ukimtaka kwa wepesi, nenda Naivasha, Kenya, ambako si kwao: huko wapo kwa maelfu waliotokana na ndege wa biashara waliotoroka au kuachiwa, wakachanganyika na wenzao wenye shingo ya manjano mpaka damu haijulikani. Nyumbani wamepungua, ugenini wamezagaa. Hivyo ndivyo tunavyorekebisha kazi ya Muumba tukipewa nafasi.

Sitasimama sana kwenye mambo ya viwanja vya ndege, mnayakumbuka wenyewe. Novemba 2010 wanyama na ndege hai zaidi ya mia moja, twiga wakiwamo, walipaa kutoka Kilimanjaro kwenda Qatar kama mizigo ya mtu anayehama nyumba. Machi 2016, pale pale, tumbili 61 walizuiwa wakiwa safarini kwenda Albania. Tumbili, Albania! Miezi michache baadaye serikali ikapiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai. Mwaka 2022 likatoka tangazo la kulegeza marufuku hiyo kwa muda, na likasitishwa upesi mno, kelele za wananchi zikiwa bado hewani. Nawapongeza waliopiga kelele. Lakini najiuliza wangapi kati yao walipiga kelele zile huku nyuma yao, juu ya friji, yuko chiriku tunduni.

Maana sisi tuna dhambi tunazozipigia kelele na dhambi tunazozilisha mtama. Ya twiga ni kubwa, inaonekana, ina kamati ya bunge. Ya ndege ni ndogo, inaingia kwenye kikapu cha sokoni. Kijana anakupitishia stendi tundu la waya lenye ndege kumi waliobanana, mabawa yamekaukia kinyesi cha wenzao, mmoja chini amefumba macho na wanamkanyaga, na wewe unaona bei tu. Unauliza, "Anaimba huyu?"

Ataimba. Dume la chiriku anaimba kutangaza mti wake na kumwita jike. Ukimsikia asubuhi akiimba mpaka koo linatetema, ujue bado anatangaza mti alionyang'anywa na kuita jike asiyeweza kuja. Wewe unaongeza sukari kwenye chai na kusema, "Leo kaamka vizuri." Na kasuku wako anayesema "hodi", anayeigiza mlio wa simu na kikohozi cha marehemu baba, amejifunza lugha yako kwa sababu hana hata mmoja wa kusema naye lugha yake. Wako wanaofika mahali pa kujinyonyoa. Kasuku wa kijivu akiachwa peke yake siku nzima, mwaka hadi mwaka, huanza kuchomoa manyoya ya kifua chake mwenyewe, moja moja, mpaka ngozi inabaki wazi kama ya kuku wa kuchinjwa. Kichwa pekee kinabaki na manyoya kwa kuwa mdomo haukifikii. Na anaweza kuishi miaka arobaini, hamsini. Mahakimu wetu hutoa vifungo vifupi kuliko hivyo kwa watu walioua.

Mtaniambia: mchungaji, Mungu alimpa Adamu mamlaka juu ya ndege wa angani. Ndiyo, na mwenye kupewa mamlaka huulizwa hesabu. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Mtu akikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, anakatazwa kumchukua mama pamoja na wanawe. Lazima amwachilie mama aende. Kisha tazameni ahadi iliyofungwa kwenye amri hiyo ndogo: upate heri na siku zako zizidi kuwa nyingi. Mmeisikia wapi ahadi hiyo? Kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu amechukua thawabu ya kumheshimu mama yako mzazi akaiweka pia juu ya kumwachia ndege aliyelalia mayai. Ungekuwa wewe mtunga sheria ungefanya hivyo? Wala mimi nisingefanya. Basi tukubali kwamba Yeye anaona kitu kiotani ambacho sisi hatukioni. Wavu wa leo unachukua mama, makinda na tawi. Wavu ni mtego wa panya, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo: aliyetegewa chiriku huleta na chozi, na popo, na bundi mchanga, na asiye na soko hutupwa.

Na nabii Yeremia, sura ya 5, alipotafuta namna ya kueleza matajiri wa taifa lake waliowanasa maskini, hakwenda mbali. Aliwafananisha na wategaji wa ndege waliojibanza, na nyumba zao zilizojaa hila akazifananisha na tundu lililojaa ndege. Ina maana mtu wa Yerusalemu aliposikia "tundu lililojaa ndege" alipata picha ya udhalimu papo hapo, bila kufafanuliwa. Sisi tukisikia tunaona pambo la baraza.

Ndugu zangu Waislamu wa mitaa yetu hawahitaji mimi niwafundishe. Wanasoma hadithi iliyomo kwa Abu Daud, ya safari ambayo masahaba walichukua makinda mawili na mama yao akaja akipigapiga mabawa juu yao, naye Mtume akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Tukilala kwenye jambo hili, watatutangulia.

Wengine watasema: je, mkulima na kweleakwelea? Mwenye shamba la mtama Kondoa, anayeamka akute wingu la ndege milioni likila jasho lake, simgusi. Watu wa huko hutega kweleakwelea na kuwala, na kwangu mimi hilo ni heri kuliko kumwaga sumu kutoka angani. Njaa ni neno lingine kabisa. Ninayemsema mimi ameshiba.

Na aliyeshiba huyu si wa kwetu tu. Ndege wanaokuja huku kukimbia baridi ya Ulaya hupita mashariki ya Mediterania, na huko watu walioshiba huwasubiri. Yuko ndege mmoja mdogo, mgongo wa rangi ya kutu, kitambaa cheusi kikipita machoni, ambaye kila mwaka karibu na Novemba hupita Tsavo akielekea kusini. Kabla hajatufikia amepita juu ya nyavu za pwani ya Misri na vijiti vya ulimbo vya Lebanoni na Saiprasi. Huko Saiprasi ndege waimbaji huokwa au kuchemshwa wazima, dazeni kwa sahani, kitoweo kilichopigwa marufuku tangu mwaka 1974 na ambacho kwa muda mrefu kimeendelea kuliwa mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 2015 shirika la BirdLife International lilikadiria kwamba ndege wapatao milioni 25 huuawa au kukamatwa kinyume cha sheria kila mwaka kuzunguka bahari ile. Wanaotufikia ni mabaki. Haifai mabaki hayo yakutane na ulimbo mwingine huku.

Sasa tufanye nini? Naomba niseme wazi, maana mahubiri yasiyoshuka mpaka mfukoni ni kelele.

Usinunue. Si kwa bei nzuri, si kwa mtoto aliyelilia, si kwa zawadi ya harusi. Na hili la mwisho naliweka peke yake kwa kuwa linawakamata wema: usinunue hata kwa huruma. Najua moyo wako. Umemwona anakufa kwa kiu pale stendi, umetoa fedha umwokoe ukamwachie shambani. Muuzaji hakuiona huruma yako. Ameona tundu limebaki wazi, na jioni atampigia simu mtegaji amwambie biashara imechangamka, alete wengine. Badala ya kulipa, uliza. Uliza kwa sauti, watu wakusikie: kibali kiko wapi? Kisha piga simu kwa wahusika, iwe TAWA ya Tanzania, iwe KWS ya Kenya, iwe UWA ya Uganda au ICCN ya Kongo, kulingana na upande wa mpaka ulipo, na usiondoke hapo ukiona aibu.

Aliye naye tayari nyumbani asikimbilie kufungua tundu baada ya kusoma hapa. Kasuku aliyefugwa miaka kumi chini ya paa la mabati la Kariakoo au Eastleigh hajui kutafuta tunda wala kumkwepa kipanga, na huenda akawapelekea wa mwituni maradhi. Mpeleke kwenye ofisi ya wanyamapori uulize utaratibu. Kenya mwaka 2022 iliwapa waliokuwa na kasuku wa kijivu muda wa kujitokeza bila kushtakiwa. Aliyeupuuza muda ule bado ana miguu ya kumfikisha ofisini. Mpaka kasuku wako atakapopata mahali panapofaa, mpe nafasi ya kutandaza mabawa yote mawili, mpe mwenzi wa kukaa naye sebuleni, hata kama ni wewe mwenyewe, na usimtafutie kasuku mwingine wa kumwondolea upweke. Huyo mwingine naye ana kwao.

Wazazi, wapelekeni watoto kusikiliza ndege palipo na miti. Arabuko-Sokoke ipo, Pugu na Kazimzumbwi zipo karibu na Dar, Mabira ipo njiani kwenda Jinja, na asiye na nauli ana mwembe. Mtoto aliyekaa kimya nusu saa chini ya mwembe alfajiri hataridhika tena na tundu.

Nanyi wazee wa kanisa, makatibu na wainjilisti, msiniandikie barua za kunishukuru. Jumapili ijayo, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya michango ya paa, someni tangazo kwamba ndege wa mwituni hapokelewi tena kwenye mnada wa mavuno: si kasuku, si chiriku, si kanga wa porini aliyefungwa miguu. Muumini aliyemleta kwa moyo mweupe ashukuriwe na aombwe alete mahindi. Kisha mtu mmoja asiyemwogopa mchungaji wake aende akaangalie baraza ya nyumba ya mchungaji.